Benchi la Waombaji

Jumatatu ile, saa mbili na robo asubuhi, karani wa masijala alikuwa ameketi sakafuni juu ya kipande cha godoro, akitoa pini kwenye karatasi. Alizitoa kwa kucha ya kidole gumba. Kifaa cha kutolea pini kiliazimwa na watu wa uhasibu mwaka juzi, na watu wa uhasibu hawana desturi ya kurudisha kitu. Mbele yake yalisimama makabati manne ya chuma, na ndani ya makabati mlikuwa na maombi ya kazi ya miaka kumi na tisa: barua, wasifu, nakala za vyeti, na picha mbili ndogo kwenye kibahasha. Jumla yake ilikuwa maombi elfu moja mia moja arobaini na sita. Aliyahesabu Ijumaa, kwa sababu meneja utumishi alitaka idadi, na alipopewa hakuiandika popote.

Kampuni ilitengeneza magodoro. Tangu ianzishwe, mtu aliyetaka kazi alileta barua kwa mkono, mlinzi akaipokea, karani akaipiga muhuri, akaipa namba na kuifungia kabatini. Sasa bodi ilikuwa imeamua kwamba mambo ya karatasi yamepitwa na wakati. Ulikuwa umenunuliwa mfumo wa kompyuta, na kuanzia mwezi unaofuata kila mwombaji angejaza fomu mtandaoni akiwa huko huko aliko. Kazi ya karani, ambaye madereva walimwita Mama Faili na wengine wote wakafuata, ilikuwa kupitisha kila karatasi kwenye skana, kujaza visanduku kwenye kompyuta, kisha kuilisha karatasi ile kwenye mashine ya kuchana.

Mtaalamu aliyeletwa kuufunga mfumo alikuwa mama wa makamo mwenye mafua yasiyopona. Alikaa kwenye meza ya dirishani na chupa yake ya maji ya moto, akiuliza maswali. Siku ya kwanza tu aliuliza lile ambalo halijawahi kuulizwa.

"Mama Faili, mbona karatasi nyingine zimekunjwa pembe?"

"Zimekunjwa."

"Naona. Nauliza zina maana gani."

Mlinzi, aliyekuwa amekuja kuchukua chai yake, alikohoa. "Usimwage mtama kwenye kuku wengi," alisema.

"Kuku yuko mmoja tu hapa," mtaalamu alijibu huku akipenga kamasi. "Nificheni, halafu mfumo wenu utoke kilema, mje mnilaumu mimi."

Basi akaambiwa. Pembe ya juu ya kulia ikikunjwa, maana yake mwombaji ana mtu ndani. Meneja alipotaka wafanyakazi, karani alimpelekea zilizokunjwa, na zisizokunjwa zilibaki kabatini. Kila mfanyakazi wa ofisini aliruhusiwa kukunja pembe moja kwa mwaka, mameneja tatu, na mkurugenzi kadiri atakavyo. Haikuandikwa popote. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana choo cha meneja ni kipi.

Mtaalamu hakushangaa. Alilipwa kuhamisha kazi jinsi ilivyo, si jinsi inavyopaswa kuwa. Akaongeza kisanduku kwenye fomu, chini kabisa, akakiita "Ana mtu". Meneja utumishi alipokiona alisema hapana, hilo ni neno la mtaani, likibaki hivyo litatuletea aibu kwa wakaguzi. Akakibadilisha jina kikawa "Taarifa za Ziada".

Mwombaji wa kwanza alifika saa tatu na dakika kumi, mara tu barua yake ilipotoka upande wa pili wa skana. Alikuwa kijana mwembamba aliyevaa koti la kahawia lililompwaya mabegani, ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Aliomba kazi ya ufundi umeme miaka kumi na minne iliyopita. Mlinzi alimfahamu, maana fundi huyo alikaa mtaa wake, ila yule wa mtaani alikuwa na mvi na tumbo, na huyu alikuwa na nywele zote. Mlinzi hapendi kuandika mambo asiyo na hakika nayo kwenye daftari, kwa hiyo alimpigia fundi simu.

"Ndiyo, huyo ni mimi," fundi alisema, sauti ya redio anayoitengeneza ikisikika nyuma yake. "Nilileta barua pale mwaka niliooa. Mwambie aangalie kizingiti cha mlango wa pili, nilijikwaa pale."

Mlinzi akaandika jina, saa ya kuingia, na kwenye safu ya anayekwenda kumwona akaandika "Masijala". Kijana akaonywa kuhusu kizingiti, akajikwaa vilevile, akaketi kwenye benchi la ukumbini.

Kufikia mchana walikuwa kumi na wanane. Kufikia Jumatano walikuwa mia mbili na sita. Kila karatasi iliyopita kwenye skana ilimleta mwenyewe, si jinsi alivyo leo, bali jinsi alivyokuwa siku ile alipoikabidhi barua na kuambiwa asubiri. Wenyewe halisi waliendelea na maisha yao huko nje, wakiuza, wakiendesha malori, wakilea wajukuu. Waliokaa ukumbini walikuwa ile sehemu iliyobaki ikingoja. Walikuwa watu wapole. Hawakuegemea ukuta, wakihofia makunyanzi kwenye nguo, na ingawa ghala lilijaa magodoro mapya hakuna aliyekubali kujinyoosha hata kidogo. Kila mmoja aliogopa asije akaitwa akakutwa amesinzia.

Meneja utumishi alitoa waraka. Waombaji wanaosubiri, waraka ulisema, wasizibe njia ya wageni, na wale wa miaka ya zamani wahamie nyuma karibu na matangi ya maji ili kupisha wa miaka ya karibuni. Mtaalamu alisema data ikihamishwa hilo hutokea, kuna kampuni ya bima ambako walijaa hadi kwenye ngazi. Akaomba dirisha lifungwe kwa sababu ya mafua yake.

Mama Faili alikuwa na jambo lake.

Katika kabati la tatu, droo ya pili, mlikuwa na barua ya mdogo wake.

Mdogo wake aliileta miaka kumi na moja iliyopita, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, ili aombe nafasi ya mapokezi. Alikuwa amemaliza chuo kwa alama ambazo dada yake hakuwahi kuziota. Alijua kuongea na mtu, alijua kuandika, akicheka ofisi nzima hugeuka. Mama Faili alikuwa bado hajakunja pembe yake ya mwaka ule. Aliichukua barua, akaipiga muhuri, akaitazama kwa muda mrefu. Alijua kabisa kwamba mdogo wake akiingia, baada ya miaka mitatu atakuwa juu yake, na watu watakuwa wakimpita yeye masijala wakienda kuuliza mambo kwa mdogo mtu. Wivu ni mdudu; ukimpa nafasi ya sindano anaingia na godoro lake. Aliiweka barua droo ya pili ikiwa imenyooka, pembe zake zote nne, na jioni akamwambia mdogo wake, "Nimeshakukunjia. Wewe subiri tu, subira yavuta heri."

Mdogo wake akasubiri. Mwezi uleule aliitwa kazini mji mwingine, ukarani wa ghala, kazi ya mshahara na nyumba. Akaikataa kwa adabu, kwa sababu dada yake mwenyewe alikuwa ameshamkunjia. Siku hizi alikuwa akishona foronya nyumbani kwa mama yao, kwa vitambaa vya mabaki alivyonunua kwenye mlango wa nyuma wa kampuni hiihii ya magodoro. Dada mtu alimtembelea sikukuu, wakaongea habari za afya.

Siku mbili nzima Mama Faili aliiruka droo ile. Alhamisi ya wiki ya tatu mtaalamu akamwambia, "Umebakisha droo moja, mama. Mfumo haufungi hesabu mpaka zote ziingie." Akaifungua. Barua ilikuwa pale, safi. Akaipitisha kwenye skana, na picha ya kwanza ilitoka imepinda ikabidi arudie.

Dakika tatu baadaye mlinzi aliinua simu ya ndani. "Mama Faili, mgeni wako. Anasema ni ndugu."

Mdogo wake alisimama ukumbini, katika blauzi nyeupe ambayo Mama Faili mwenyewe alimwazima, kitambulisho cha chuo bado kikining'inia shingoni ili waone kwamba amesoma.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai. Majibu yametoka?"

"Ngoja nikaangalie."

Akarudi mezani karibu akikimbia. Bahati ilikuwa kwamba nafasi ya mapokezi ilikuwa wazi tena, ya kwanza kutangazwa kwenye mfumo mpya. Alijaza fomu ya mdogo wake kwa uangalifu ambao hakuwa ameutumia kwa wale elfu moja waliotangulia. Jina, elimu, lugha, namba ya simu. Akashuka hadi chini kabisa, akaweka alama kwenye kisanduku cha Taarifa za Ziada. Alihisi kama mtu aliyetua ndoo aliyoibeba kichwani miaka kumi na moja. Kisha akabonyeza, na fomu ikawa nyekundu.

"Umri," mtaalamu alisema, akiinama juu ya bega lake. "Mwisho ni thelathini. Huyu ana thelathini na minne."

"Ana ishirini na mitatu. Yule pale, mwangalie."

Mtaalamu alimwangalia, kwa haki kabisa, hata akavaa miwani. "Kweli ana ishirini na mitatu," alikubali. "Lakini mfumo hauoni benchi, mama. Unaona tarehe ya kuzaliwa."

Mama Faili akaenda kwa meneja utumishi. Hii ilikuwa mara yake ya pili tu kuingia ofisi ile bila kuitwa, na mara ya kwanza kulikuwa na moto. Alisema ana ndugu, ana pembe moja ambayo hakuitumia miaka kumi na moja iliyopita, anaiomba sasa.

"Pembe hazilimbikizwi," meneja alisema, bila ukali. "Halafu hiyo ya mapokezi tumeshajaza. Jana."

"Tangazo limetoka leo asubuhi."

"Ndiyo. Mfumo una kasi."

Alimgeuzia kompyuta aone. Aliyechaguliwa alikuwa mpwa wa mkurugenzi. Fomu yake haikuwa na elimu wala anwani, na mahali pa jina palikuwa patupu, maana familia ilikuwa bado inaamua ni yupi kati ya wapwa wawili. Kisanduku cha chini kilikuwa na alama, na fomu nzima ilikuwa ya kijani.

Ijumaa saa tisa mtaalamu akawaita wote kushuhudia. Mfumo, alieleza, haujui kitu kinachoitwa kusubiri. Karatasi inaweza kulala kabatini miaka ishirini bila kuambiwa ndiyo wala hapana, lakini hapa lazima kila ombi liwe na jibu. Akabonyeza mara moja. Ujumbe mmoja ukatoka kwenda kwa wote elfu moja mia moja arobaini na sita: tunakushukuru kwa nia yako ya kufanya kazi nasi, kwa bahati mbaya hukuchaguliwa, tunakutakia kila la heri.

Ukumbini wakaanza kusimama. Kila ujumbe ulipomfikia mwenye simu huko nje, wa kwake wa benchini aliinuka, akajipangusa, akamwambia mlinzi asante na kutoka. Mlinzi alijaza saa ya kutoka hadi kalamu ikaisha wino. Baadaye alimpigia fundi umeme kujua habari. "Amefika," fundi alisema. "Amekaa tu hapa. Hajasema kitu." Wale ambao namba zao zilishakufa hawakuinuka, walikuwa arobaini hivi, wakahamishiwa kwenye matangi ya maji.

Katika mkoba wa Mama Faili simu ikalia. Mdogo wake hakuwa na simu wakati ule. Kwenye barua aliandika ya dada.

Mama Faili aliusoma ujumbe wote, hadi kila la heri. Akainua macho. Mdogo wake alikuwa bado ameketi, mgongo umenyooka, akimtazama kwa tabasamu la mtu aliye na ndugu mahali.

"Kuna habari?"

"Tangazo la kampuni tu," Mama Faili alisema.

Saa kumi na moja mlinzi alitaka kufunga, na msichana hakuwa na pa kwenda isipokuwa nyumbani. Wakaenda pamoja kwa miguu. Njiani aliuliza kuhusu duka la kona, akaambiwa limevunjwa. Mlangoni aliita, "Mama!" kama alivyozoea, akavua viatu.

Mdogo mtu, yule wa miaka thelathini na minne, alikuwa kwenye cherehani. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Alimtazama msichana, kisha blauzi, kisha dada yake.

"Mama ametangulia mbele ya haki," alimwambia msichana kwa upole. "Mwaka wa sita huu. Kaa hapa. Pole, mdogo wangu."

Msichana alilia, na mwenzake akamshika mkono mpaka akamaliza. Habari ya msiba ni nzito, lakini alipewa, akaipokea. Alinawa uso, akala, akaomba aonyeshwe foronya zinavyokatwa. Mama Faili alikaa kwenye ncha ya kiti na mkoba mapajani.

Msichana alipokwenda uani, dada mtu alisema haraka, "Sikukukunjia. Mwaka ule. Nilikwambia nimekunja, sikukunja."

"Najua."

"Unajua?"

"Waliokunjiwa wote walijibiwa ndani ya wiki mbili. Mtaa mzima unajua hilo, dada. Wiki ya tatu nilijua, na ile kazi nyingine nilikuwa nimeshaikataa." Alipitisha uzi kwenye sindano mara ya kwanza bila kukosea. "Mama aliniambia mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nikamkatalia. Nikasema wewe si ndugu wa hivyo."

"Nisamehe."

"Mimi nimeshazoea. Huyo ndiye bado anakuamini. Ujumbe si umekuja kwako? Msomee."

"Msomee wewe. Ni wewe huyo."

"Hapana. Si mimi niliyemdanganya."

Msichana akarudi akifuta mikono. Akawatazama wote wawili, akachagua wa kumuuliza, naye alikuwa dada yake mkubwa.

"Dada, niambie ukweli. Niendelee kusubiri?"

Mama Faili aliingiza mkono kwenye mkoba, akaishika simu. Yalikuwa maneno ya kusoma tu, tena hakuyaandika yeye. Aliona jinsi uso ule utakavyokunjamana, na jinsi utakavyomgeukia ukiwa umekwisha kujua. Akautoa mkono mtupu.

"Subiri kidogo," alisema. "Karibu watajibu."

Mwenye cherehani akakanyaga pedali, kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyohitaji.

Mfumo ulianza rasmi mwezi uliofuata na bodi ikapongeza kasi yake. Makabati manne yaliuzwa. Mpwa mmoja alipatikana, akapewa kiti cha mapokezi. Anafika saa nne, na siku nyingine hafiki. Msichana hufika saa moja na nusu, na kwa kuwa yupo na simu inalia, huinuka benchini akaipokea. Huwakaribisha wageni, huandika ujumbe wa mameneja kwa mwandiko mzuri, huwaelekeza wenye mizigo mlango wa pili na kuwaonya kuhusu kizingiti. Mpwa akitokea, humpisha kiti. Wateja wamesema mapokezi ya kampuni yamekuwa mazuri sana siku hizi, na meneja utumishi ameliweka hilo kwenye ripoti, chini ya faida za mfumo.

Mshahara hana, kwa sababu hajaajiriwa. Mlinzi kila asubuhi humwandika kwenye daftari la wageni.

Mama Faili hupita pale saa mbili kasorobo. Amejaribu mlango wa nyuma, lakini huko wapo wale arobaini wa kwenye matangi, nao pia huuliza.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Bado?"

"Bado," Mama Faili husema, na kwenda kuwasha kompyuta.